Hata kama yeye hakumbuki, kidonda ni cha kweli

Kuna ushauri ambao ukiumia lazima utapewa, na utapewa na watu wanaokupenda kabisa: sahau, songa mbele, yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Mi sina ugomvi na wazee waliotuachia hiyo methali, ina mahali pake, watu wawili wamekwaruzana kwa maneno madogo hakuna haja ya kuchimbua ya miaka na miaka. Ila kwa mtu aliyedhalilishwa utotoni, au aliyeachwa na mtu aliyemwamini kwa moyo wote, au aliyekulia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza unaendeleaje, hiyo methali inafanya kazi nyingine kabisa, inamfunga mdomo. Na mara nyingi anayeisema anaisema kwa sababu yeye ndo hana nguvu ya kuendelea kusikiliza, wala hajaangalia kama wewe umepona.

Nimeamua kuandika kuhusu hili maana nimelibeba muda mrefu na naona tuko wengi, tunacheka kazini, tunapost picha nzuri, alafu kitu kidogo tu kikigusa pale pale mtu unabadilika mpaka mwenyewe unajishangaa.

Kwanza huko kusahau kwenyewe hakuwezekani kwa kuamrishwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walifanya jaribio, waliwaambia watu wakae dakika tano wanasema kwa sauti chochote kinachopita kichwani ila wasimfikirie dubu mweupe, na akija tu kichwani wapige kengele. Kengele zikawa zinalia tu. Na baadaye walipoambiwa haya sasa ruksa mfikirieni, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa kumfikiria tangu mwanzo. Yani kule kumfukuza ndo kulimleta kwa wingi. Sasa huyo ni dubu, mtu huna historia yoyote na dubu mweupe, je neno ambalo mzazi wako alikwambia mbele ya wageni ukiwa bado mtoto? Ili ubongo uhakikishe huliwazi hilo neno inabidi uwe unachungulia chungulia kama lipo, na kila ukichungulia unalikuta. Ndo maana unakutana na mtu anakwambia mi hayo nilishayasahau zamani, kwa sauti ambayo yenyewe inakuonyesha kabisa hajasahau.

Nikupe mfano wa kwangu. Nilipokuwa mdogo nilijifunza kusikiliza funguo. Baba akirudi jioni, kabla hajaingia, unasikia funguo kwenye kitasa, na mimi kwa jinsi tu ilivyoingia nilikuwa nishajua usiku utakuaje. Ikiingia taratibu ikazunguka mara moja, tuko salama, endelea na kazi zako za shule. Ikigonga gonga pembeni ya tundu, ikachomolewa, ikaingizwa tena kwa nguvu huku kitasa kinatikiswa, basi nafunga daftari, nazima tivii, naenda kukaa kwenye ile kona ya sebule ambayo ukiingia haiko mbele ya macho. Sio kwamba alikuwa anapiga. Alikuwa anaongea. Wewe hufiki popote. Nani alikudanganya una akili. Angalia wenzako. Alafu kesho yake asubuhi anaamka vizuri tu, anatania, na wote mnatakiwa mtanie naye kama vile usiku haukuwepo. Na mama, ambaye namheshimu na nampenda sana, alikuwa anatwambia baba yenu anawapenda, ndo alivyo tu huyo.

Mpaka leo mtu akihangaika na funguo mlangoni mabega yangu yanapanda yenyewe. Niko kwangu, nimekuwa mtu mzima, hakuna wa kunifanya kitu, lakini mabega yanapanda na mate yanakauka mdomoni. Nilikuwa najiona mwoga. Nikaja kusoma kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake moja kubwa ni kunusa hatari, na inawahi kuliko ile sehemu ya mbele inayofikiri kwa utulivu. Ikishajifunza kwamba sauti fulani huja na maumivu inaishika, na siku nyingine sauti hiyo ikija adrenalini inamwagwa, moyo unakimbia, misuli inakaza, kabla hujapata hata nafasi ya kujiambia ah, ni jirani tu kachanganya mlango. Kwa hiyo mtu akikwambia unajiendekeza hajui anachosema. Mwili wako unafanya kazi uliyofundishwa, na ulifundishwa ukiwa mdogo, na wakati ule ilikusaidia kweli, ile kona ya sebule iliniokoa mara nyingi tu. Nilipolielewa hili nililia, na kilikuwa ni kilio cha nafuu.

Lakini kuna sauti ingine huwa inakuja hapo, nadhani unaijua. Inasema: kwani ulipigwa? Ulilala njaa? Kuna watu wamepitia makubwa kuliko hayo na wanaishi, wewe unalilia maneno. Hii sauti imenichelewesha sana na naichukia kwa dhati, maana inafanana na unyenyekevu, unaweza kukaa nayo miaka ukijiona una shukrani kumbe unajinyima haki yako ya kuumwa. Basi niseme hivi. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao walitoa utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu mambo waliyopitia utotoni alafu wakalinganisha na afya zao. Kwenye orodha ya mambo waliyouliza kulikuwa na kupigwa, kulikuwa na kudhalilishwa kingono, kulikuwa na mama kupigwa mbele ya mtoto, na kulikuwa pia na kutukanwa na kushushwa na mzazi. Hayo maneno yako yalikuwemo kwenye orodha ya madaktari. Na walichokikuta ni kwamba kadri aina za machungu ya utotoni zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi, hata magonjwa ya moyo ukubwani unavyopanda. Haina maana ukipitia hayo lazima uugue, wengi hawaugui, ile ni hesabu ya kundi kubwa na wala haikutabirii wewe. Lakini ina maana hakuna mtu anayeruhusiwa kukwambia ni maneno tu. Alafu maumivu hayapangi foleni kwamba aliyevunjika mguu atibiwe na aliyevunjika kidole arudi nyumbani akashukuru.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hasa kimenikalisha hapa kuandika.

Baba yangu amezeeka na amekuwa mpole. Kweli kabisa, sio kwamba anaigiza. Anacheka na wajukuu, anawabeba mgongoni, mtoto akimwaga maji anasema ah hamna shida yatakauka. Mimi naangalia pale nasikia vitu viwili kwa pamoja, furaha kwa ajili ya wale watoto, na kitu kingine kikali ambacho kinauliza mbona mimi hukunipa huyu. Miaka mingi nilikuwa na hotuba kichwani, nimeipanga vizuri, siku moja nitamkalisha nimwambie yote alafu atasema pole mwanangu nilikosea, na hapo ndo nitapona. Nilikuwa nishaamini kabisa uponaji wangu uko mfukoni mwake.

Siku hiyo ikafika, tukiwa wawili tu, nikamwambia. Sikumwambia yote, nilimwambia habari ya usiku na ya yale maneno. Alinisikiliza huku anakunja kunja ncha ya shati lake, akanyamaza, alafu akasema, "Mi hayo sikumbuki mwanangu. Ni mambo ya zamani hayo." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimeutafakari sana ule usemi, sikumbuki. Mwanzoni nilijua anakwepa. Sasa hivi naamini inawezekana kabisa hakumbuki kweli, na kuna sababu inayoeleweka. Jambo likikupata ukiwa na hofu kali zile homoni za mshtuko zinaisaidia kumbukumbu kushika, ndo maana mtoto anakumbuka mpaka rangi ya shati. Kwa mzazi usiku ule ulikuwa usiku kama usiku mwingine, kachoka, kaongea, kalala. Aliyeumiza anasahau na aliyeumizwa anakumbuka, na wote wawili wanasema ukweli. Sasa ukikaa kusubiri akumbuke ili kidonda chako kihesabike, umempa ufunguo mtu ambaye hata hajui kuna mlango.

Na hapo ndipo kwangu kukubali kulipoanza. Sio siku niliyomsamehe, sio siku aliyoomba radhi, hajaomba mpaka leo. Ni siku nilipojiambia: lilitokea, liliniumiza, na linabaki kuwa kweli hata kama nitakuwa mimi peke yangu duniani ninayelijua. Nikaacha kutafuta mashahidi. Huko nyuma kila nikimpata dada yangu nilikuwa namuuliza unakumbuka siku ile, unakumbuka alivyosema, namlazimisha athibitishe, na yeye dada ana ya kwake na hataki kuyagusa, ana haki. Nikamwacha apumzike.

Naomba nieleweke hapa maana watu wengi wanaogopa neno kukubali wakidhani ni kusema ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Kukubali ninakokusema ni kuacha kubishana na jambo lililokwisha kutokea, ile ya kurudi rudi kichwani kwamba ningekuwa mtoto mzuri zaidi, angekuwa na kazi nzuri zaidi, mama angeongea. Unaweza kukubali na bado ukawa na hasira. Unaweza kukubali na usiende kumtembelea mtu. Na kusamehe ni habari ingine kabisa yenye muda wake. Robert Enright, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake ya kazi kusomea msamaha, anatofautisha vizuri sana: kusamehe sio kusema kosa halikuwepo, na sio lazima mrudiane. Mi naongezea la kwangu, msamaha unaotolewa kabla kidonda hakijaangaliwa ni kama bandeji juu ya usaha, kwa nje pasafi. Wanaokusukuma usamehe haraka haraka ili familia ikae vizuri kwenye picha, wapende, lakini usiwasikilize kwenye hilo. Wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Baada ya kukubali kuna kazi ambayo sikuambiwa na mtu, kuomboleza. Nilidhani nitasikia wepesi, kumbe ilikuja huzuni kubwa, wiki kadhaa nilikuwa kama mfiwa. Maana ukishakubali kwamba radhi haiji, unakubali pia kwamba yule baba uliyekuwa unamsubiri hayupo na hakuwahi kuwepo, na utoto hauna marudio. Inabidi umlilie. Na usijipimie kwa zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu anazitaja, kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali, ukaanza kujiuliza mbona mi nimeruka moja au nimerudi nyuma. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, hakuziandika kama ratiba ya mtu aliyeumizwa moyo. Asubuhi unaweza kuwa umekubali kabisa na saa nane mchana ukawa na hasira ya kutetemeka. Ndo kawaida.

Kilichonisaidia kwa vitendo ni kuandika, na naomba nieleze vizuri maana watu wanasema andika andika bila kusema uandike nini. Mwanasaikolojia James Pennebaker mwaka 1986 aliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kwa usiku nne mfululizo. Wengine waliandika vitu vya kawaida tu, wengine tukio zito la maisha yao, na kati ya hao wa tukio zito kuna waliopewa waandike kilichotokea pamoja na walivyojisikia. Hao wa mwisho wakitoka pale walikuwa na hali mbaya zaidi, huzuni imepanda, hata presha ilipanda, lakini miezi sita iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika vya kawaida. Tafiti zilizokuja baadaye zinaonyesha faida ipo ila sio kubwa sana, kwa hiyo usitegemee muujiza. Kwangu kilichofanya kazi ni hiyo ya kuweka vyote viwili pamoja, tukio na hisia. Nilikuwa nishazoea kusema baba alikuwa mkali, sentensi fupi, safi, haina damu. Siku niliyoandika funguo, kitasa, kona, alichosema neno kwa neno, na nilivyojisikia mkojo unanibana nikaogopa kupita mbele yake kwenda chooni, mkono ulikuwa unatetemeka. Lakini nilipomaliza niliona kitu ambacho sijawahi kukiona, nilimwona yule mtoto kwa umbali, nikamhurumia. Miaka yote nilikuwa namwonea aibu.

Ukijaribu na ukaona unazama, hulali, picha zinakuja bila kuitwa, acha. Usijilazimishe. Hapo unahitaji mtu aliyesomea. Na kama bado unaishi na mtu anayekuumiza, naomba usianze na kuchimba ya nyuma, anza na usalama wako. Judith Herman, daktari wa akili aliyeandika sana kuhusu kiwewe, yani lile jeraha la ndani linalobaki baada ya jambo zito, tangu mwaka 1992 ameliweka hilo wazi, kwanza usalama, ndo kuje kukumbuka na kuomboleza, ndo kuje kurudi kwa watu na maisha. Hakuna mtu anayeweza kuponya kidonda huku kinachomwa kila siku, na wewe sio dhaifu kwa kushindwa kufanya hivyo.

Kwenda kwa mtaalamu bado kuna aibu na mi sioni kwa nini. Kwa wale ambao kiwewe kimewashika kabisa, ndoto mbaya, kushtuka shtuka, kukwepa sehemu na watu, zipo tiba zinazojulikana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza tiba ya maongezi inayolenga kiwewe chenyewe na mawazo uliyojijengea kutokana nacho, na ile inayoitwa EMDR iliyoanzishwa na Francine Shapiro, ambayo unalikumbuka tukio huku macho yako yanafuata kitu kinachoenda kushoto na kulia. Inasikika ya ajabu, najua, na wataalamu bado wanabishana inafanya kazi kwa njia gani, ila inafanya kazi kwa wengi. Mshauri wa kwanza asipokufaa tafuta mwingine. Ukitoka kwake unajisikia umehukumiwa, huyo sio wako.

Na je nimepona? Funguo bado nazisikia. Tofauti ni kwamba mabega yakipanda sasa hivi nayaona yanapanda, naweka miguu chini vizuri, natoa pumzi ndefu kuliko niliyovuta, nasema kimoyomoyo niko kwangu, na yanashuka. Zamani ingeharibu jioni nzima na ningemnunia mtu asiyehusika. Na kwa baba naenda, tunakaa, tunaongea ya mpira na ya wajukuu, na kuna siku nampenda bila shida na kuna siku naondoka mapema. Sijamwambia tena na sidhani kama nitamwambia. Sio kwamba naogopa, kile nilichokuwa nakitafuta kwake nimeshaacha kukitafuta kwake.

La mwisho ni kwa wewe ambaye huna kidonda kikubwa lakini kuna siku mtu atakuja kukufungulia moyo, maana atakuja. Usimuulize mbona hukusema siku zote hizo. Usimwambie mzazi ni mzazi tu. Usianze kumchimba akupe kila kitu, hasa kama jambo limetokea juzi juzi tu, wataalamu hawashauri kabisa kumlazimisha mtu asimulie yote wakati bado yuko kwenye mshtuko. Wala usimpe stori yako palepale, itapata siku yake. Mwambie nakuamini, mwambie pole, muulize anahitaji nini leo, kulala, kula, mtu wa kukaa naye, namba ya mshauri, na akikaa kimya mkae kimya wote. Na wiki ijayo umtafute wewe, usisubiri akutafute yeye, kwa sababu mtu akishasema kitu kama hicho usiku wake huwa anaulala akijiuliza kama sasa unamwona vingine.